Andikeni mkono wa mchoraji, si bei ya picha

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua, na naomba mnivumilie nikienda kirefu, maana jambo ninalolileta haliwezi kutoshea katika aya mbili.

Mimi ni fundi wa fremu. Kazi hii nimeifanya Nairobi tangu nikiwa kijana, katika karakana yenye msumeno wa kukatia pembe, meza ya vioo na ukuta mzima wa mbao zilizoegemezwa. Sikusomea sanaa. Ila picha nyingi zimepita mikononi mwangu, na fundi wa fremu huiona picha pande zote mbili. Mbele anaona alichochora mchoraji. Nyuma anaona kama ni kanvasi, hadibodi au karatasi, rangi imepenya kiasi gani, na kama aliyeichora alikuwa na haraka au alikaa nayo.

Kinachonifanya niandike ni hiki. Magazeti yetu, na sisemi kuhusu moja peke yake, yakileta habari za picha huanza na bei. Picha ya fulani imeuzwa mnadani kwa mamilioni kadhaa, mnunuzi ni wa nchi fulani, mchoraji alizaliwa katika umaskini. Ukifika mwisho wa habari hujaambiwa picha yenyewe ina nini, imechorwa kwa rangi gani, juu ya kitu gani, na inatofautiana vipi na ya mchoraji mwingine. Msomaji ambaye hajawahi kuingia katika jumba la sanaa anabaki na lile wazo la vibanda vya watalii: tembo, Mmaasai na mkuki wake, mbuyu na jua linalozama. Anadhani hiyo ndiyo picha ya Kiafrika, na kwamba wachoraji wetu wote wanachora hivyo.

Mwaka huu mjukuu wangu ameingia Gredi ya 10 na amechagua mkondo wa sanaa. Nilifurahi sana. Mwalimu wake akawapa kazi ya kuandika ukurasa mmoja kuhusu mchoraji mmoja na mtindo wake. Binti akaandika kuhusu Picasso. Simlaumu, wala simlaumu mwalimu, kwa kuwa Picasso ndiye waliyempata kwa urahisi. Nilipomuuliza kwa nini hakuchagua mtu wa hapa kwetu, alinitazama akauliza bila utani wowote, “Kwani babu, wa hapa wana mitindo?”

Barua hii ni jibu langu kwake, na ningependa vijana wengine walisome pia. Nitajibu kwa kutumia wachoraji wa galari moja tu, Gallery Watatu, iliyokuwa Standard Street katikati ya jiji. Naichagua kwa sababu kazi za wachoraji wake ndizo nilizozishika zaidi, na kwa sababu kwa miaka mingi hakukuwa na mahali pengine Afrika Mashariki ambapo picha zisizofanana hata kidogo zilitundikwa ukuta mmoja.

Galari hiyo ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na wachoraji watatu, ndipo ikapata jina: Yony Waite, Robin Anderson na David Hart. Hao watatu wenyewe hawakufanana. Yony Waite alichora nyumbu na punda milia wa tambarare za Athi wakiwa makundi makubwa, miili yao ikiingiliana mpaka kundi linakuwa mistari na vivuli. Robin Anderson alifanya batiki juu ya hariri, kazi ya nta na rangi ya kuchovya, ambayo kila mstari wake ni mpaka uliowekwa kwa nta kabla ya kitambaa kuingia kwenye rangi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1980 galari ikawa chini ya Ruth Schaffner, ambaye aliiendesha hadi alipofariki mwaka 1996. Yeye ndiye aliyewafungulia mlango watu ambao hawakupitia chuo chochote cha sanaa: walimu wa shule za msingi, madereva, wapishi, watu wa vijijini waliokuja na picha zao zimekunjwa kwapani.

Wako waliomlaumu kwa hilo. Walisema aliwapenda wasiosoma kwa sababu wazungu walipenda kununua kazi za wasiosoma, na kwamba waliohitimu vyuo vikuu vya Makerere na Kenyatta waliwekwa kando. Lawama hiyo ina ukweli wake kwa upande wa soko. Lakini kutokana nayo limezuka neno ambalo silikubali, kwamba wachoraji hao waliojifunza wenyewe wote ni kundi moja lenye mkono mmoja. Anayesema hivyo hajawahi kuziweka picha zao mezani, moja kando ya nyingine, akatafuta fremu ya kila moja.

Chukua Jak Katarikawe. Huyu alikuwa Mganda wa Kigezi, kule milimani upande wa Kabale. Alikuwa dereva, na Profesa David Cook wa Makerere ndiye aliyeona kipaji chake. Sam Ntiro, mchoraji wa Kichagga aliyefundisha hukohuko, akamshika mkono. Baadaye akahamia Nairobi na kuishi hapa hadi alipoaga dunia mwaka 2018. Katarikawe alichora ng’ombe. Lakini ng’ombe wake si wa malisho. Ni ng’ombe wanaopendana, wanaoota, wanaotazamana kama bibi na bwana harusi, na pembe zao ndefu za Ankole zinapinda hadi zinakumbatia kila kitu kilichomo. Rangi zake hazina ukingo mkali. Buluu inaingia kwenye waridi, waridi inaingia kwenye zambarau, na hujui mwili wa mtu umeishia wapi na wa ng’ombe umeanzia wapi. Picha hiyo ukiivalisha fremu nyeusi nene umeiua. Nilikuwa naikatia mbao nyembamba ya rangi hafifu na kuacha nafasi kidogo kati ya kanvasi na ukingo, ili rangi ipate mahali pa kuishia.

Sasa mweke pembeni yake Sane Wadu. Huyu ni wa Nyathuna, Kiambu, alizaliwa mwaka 1954. Alikuwa mwalimu, akaacha kazi ya serikali na mshahara wake katika miaka ya 1980 ili achore. Majirani walidhani amerukwa na akili, maana alipaka rangi hata nguo alizovaa. Jina hilo la Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu, alilichukua kuwajibu. Rangi ya Wadu ni nene. Haijapakwa tu, imerundikwa, na katika sehemu nyingine unaona njia za brashi zimesimama kama matuta ya shamba baada ya jembe kupita. Ndani yake kuna watu wamebanana, wanyama wenye macho ya watu, mambo ya Biblia, mambo ya siasa, na vichekesho ambavyo huvioni mpaka urudi mara ya pili.

Kwa fundi, picha ya namna hiyo ni kazi nyingine kabisa. Rangi ya mafuta iliyorundikwa hukauka juu na kubaki mbichi ndani kwa miezi. Ukiiwekea kioo kikagusa, umeharibu. Ukizipanga mbili uso kwa uso, zinashikana. Picha za Wadu nilizisimamisha ukutani, zikitazama chumba, kila moja na nafasi yake, na kijana yeyote aliyekuja kujifunza kazi kwangu alianza kwa kuonywa kuhusu hizo. Fremu yake ilibidi iwe na kina, mbao pana yenye uzito, ili isimezwe.

Na hapo nimetaja wawili tu, na wote wawili hawakusoma shule ya sanaa. Mkono mmoja uko wapi?

Meek Gichugu ametoka Ngecha, karibu na Limuru, si mbali na kwao Wadu, na amezaliwa miaka kumi na kitu baadaye. Ngecha ni kijiji kilichotoa wachoraji kuliko miji mingi ya nchi hii, na mwaka 1995 Wadu, mkewe Eunice ambaye naye ni mchoraji, Wanyu Brush na wenzao walianzisha chama cha wasanii huko. Ungetegemea kijana aliyekulia hapo achore kwa rangi nene kama ya wakubwa zake. Gichugu alikwenda upande mwingine kabisa. Picha yake ni laini kama ngozi. Ukipitisha kiganja juu yake (fundi anaruhusiwa, mgeni wa galari haruhusiwi) husikii brashi hata mahali pamoja. Halafu ndani ya ulaini huo kuna mambo ya ajabu: mkono unageuka mzizi, kichwa cha mtu kinachipua mmea, miili inaungana mahali ambapo miili haiungani. Anachora ndoto kwa utulivu wa mtu anayechora ramani. Baadaye alihamia Ufaransa. Kwake nilitumia fremu nyembamba, iliyonyooka, isiyo na nakshi yoyote.

Wapo pia waliofanya kazi juu ya karatasi, na hawa watu huwapita bila kusimama kwa sababu picha zao ni ndogo na hazing’ai. Kivuthi Mbuno, aliyezaliwa Mwingi mwaka 1947, alikuwa mpishi wa safari za porini. Alizunguka Kenya na Tanzania akiwapikia wageni waliokuja kutazama na kuwinda wanyama, na macho yake yalifanya kazi wakati mikono inapika. Anachora kwa wino na penseli za rangi. Watu wake na wanyama wake wamerefushwa, shingo ndefu, miguu mirefu, midomo mirefu, na wote wanaonekana kama wanaambiana jambo. Ardhi chini yao imejazwa mistari midogomidogo, nyasi kwa nyasi, ambayo mtu hawezi kuichora akiwa na haraka. Joel Oswaggo naye alitumia karatasi, akachora maisha ya Waluo: ndoa, matanga, uvuvi, mizozo ya boma, kila mtu kwenye picha akiwa na kazi yake anayoifanya. Ukitaka kujua ng’ombe wa mahari walivyofikishwa nyumbani, atakuonyesha.

Karatasi haitaki kugusana na kioo. Unyevu ukiingia, inanata, na siku ukiitoa inaacha nusu ya picha kwenye kioo. Kwa hiyo unakata kadi nyeupe kuizunguka, au unaweka kijiti chembamba cha mbao ndani ya fremu, hewa ipite. Nalisema hili kwa wenye picha za aina hiyo majumbani, na najua mpo, maana karatasi za Mbuno na Oswaggo ziliwahi kununuliwa na Wakenya wa kawaida, walimu na makarani, kabla bei hazijapanda. Tazameni nyuma ya fremu zenu. Mkiona madoa ya kahawia yanatambaa, mpelekeeni fundi.

Lakini mchoraji ambaye ningependa kila mtoto wa nchi hii amjue ni Rosemary Karuga.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1928. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alisoma sanaa Makerere, katika shule iliyoanzishwa na Margaret Trowell, wakati ambapo mwanamke kufika hapo kwa somo hilo lilikuwa jambo lisilosikika. Halafu akarudi nyumbani, akawa mwalimu, akalea watoto, na kwa miaka mingi hakuonyesha kazi yoyote. Alirudi kwenye sanaa alipostaafu, katika miaka ya 1980, akiwa na umri ambao wengi wetu tunahesabu kazi imekwisha. Rangi na kanvasi ni ghali. Akachukua alichokuwa nacho jikoni: karatasi za sabuni ya Rexona, pakiti za unga, baadaye kurasa za majarida yenye karatasi ya kung’aa. Akazikata na kuzichana vipande vidogo, akabandika kimoja kimoja.

Ukisimama mbali na picha ya Karuga unaona mwanamke amebeba mzigo, au kuku na vifaranga, au majirani wawili wanazungumza. Kila kitu kimekaa mahali pake, kivuli kipo, mkunjo wa nguo upo, na hakuna tone la rangi lililopakwa. Sogea. Kivuli cha bega ni kipande cha buluu iliyokoza kutoka kwenye tangazo. Mkunjo wa leso ni ukingo wa karatasi ya sabuni, na nusu ya herufi bado inasomeka. Alijua rangi gani inapatikana kwenye pakiti gani, jinsi mchoraji wa mafuta anavyojua chupa zake. Niliwahi kuwa na mojawapo mezani kwa muda, na nilichokiona kwa karibu, taa ikimulika kutoka ubavuni, ni kwamba vipande havikubandikwa ovyo: vya usoni vilikuwa vidogo sana na vimechanwa kwa vidole, ukingo wake mweupe ukaachwa ndio uwe mwanga wa shavu, na vya nguo vilikatwa kwa mkasi ili viwe na makali. Mtu yuleyule, gundi ileile, na tayari ana njia mbili za kugawa karatasi kulingana na anachotaka uone. Nikamwita mke wangu aje atazame. Naye, ambaye kwa kawaida hana muda na picha zangu, alikaa hapo mpaka chai ikapoa.

Mwaka 1990 kazi za Karuga zilionyeshwa katika Studio Museum ya Harlem, New York. Alifariki mwaka 2021. Simama barabarani leo, Nairobi au Meru alikozaliwa, uulize vijana kumi kama wanamjua.

Kuna pia Theresa Musoke, Mganda aliyeishi na kufundisha Kenya miaka mingi, msomi wa Makerere na wa Marekani, ambaye alichora wanyama wakitokeza polepole ndani ya rangi, usiwe na hakika kama ni swala au ni kivuli cha majani. Nje ya galari hiyo moja kuna Ancent Soi na mwanawe Michael Soi. Baba alichora masoko na maisha ya Ukambani kwa rangi safi na watu waliopangwa vizuri, na kazi yake ilitumika kwa bango la Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972. Mwana anachora baa, wanasiasa na uhusiano wetu na China, kwa mistari minene na kejeli kali. Damu moja, nyumba moja, na mikono miwili ambayo huwezi kuichanganya hata usiku. Nao, na wengine ambao nafasi hainiruhusu kuwataja, ningeweza kuwaandikia barua nyingine nzima.

Sasa nije kwenye linaloniuma.

Gallery Watatu haipo tena. Picha zilizotundikwa pale zimetawanyika. Nyingi ziko Ulaya. Jumba la makumbusho la Frankfurt, Ujerumani, lilianza kununua picha za Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na lina Katarikawe wengi kuliko utakavyowaona hapa. Michoro ya Mbuno imo katika mkusanyo wa Jean Pigozzi, kule Geneva. Sina ugomvi na walionunua. Walilipa, na fedha zile zililisha familia na kusomesha watoto. Ugomvi wangu ni kwamba sisi hatukununua. Uganda ina Nommo Gallery, galari ya taifa iliyoanzishwa Kampala mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru wao. Kenya hadi leo haina jumba la taifa la picha, jengo ambalo mwalimu anaweza kuwapeleka wanafunzi siku yoyote ya juma akawaambia: huyu ni Karuga, huyu ni Wadu, tazameni tofauti.

Tulikuwa na mtu aliyelielewa jambo hili mapema. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, alikusanya vitabu na kazi za sanaa za Afrika maisha yake yote, na sehemu ya mkusanyo wake bado tunaiona katika Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, na katika Nairobi Gallery, ile ofisi ya zamani ya mkuu wa mkoa kwenye makutano ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Alikuwa mtu mmoja. Serikali nzima, na sasa kaunti 47, zimefanya kidogo kuliko yeye.

Na mwingine ametokea katika siku zetu. Michael Armitage, mchoraji aliyezaliwa Nairobi na ambaye picha zake mwenyewe huchorwa juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, aliombwa afanye maonyesho makubwa Munich na baadaye London mwaka 2021. Angeweza kutundika zake tu. Ndani ya maonyesho hayo aliwapa nafasi wachoraji wa Afrika Mashariki waliomtangulia, akina Katarikawe, Wadu, Musoke, Gichugu na Elimo Njau, chini ya kichwa cha Kiswahili: Mwili, Akili na Roho. Pia ameanzisha taasisi hapa Nairobi, Nairobi Contemporary Art Institute, iliyofungua milango mwaka 2022 kwa maonyesho ya kazi za Sane Wadu za miaka mingi. Nilikwenda. Nilitembea mbele ya picha ambazo nyingine nilizijua kwa nyuma zake, na nilifurahi kuona vijana wa umri wa mjukuu wangu wamekaa sakafuni wanazichora upya kwenye madaftari.

Ninayoomba ni machache na yanawezekana.

Kwa wenye majumba ya sanaa, na hapa nasema na wote: wekeni maelezo ya Kiswahili kando ya yale ya Kiingereza. Fundi wa mbao, mama wa sokoni na bodaboda anayeleta mzigo mlangoni wana macho kama ya mtu mwingine yeyote. Nimewaona mara nyingi wakisogea kwenye picha, wakatazama kile kibao, kisha wakarudi nyuma kana kwamba wameambiwa hapa si pao.

Kwa Wizara ya Elimu na wanaoandaa vitabu vya mkondo wa sanaa: mtoto wa Gredi ya 10 afundishwe Picasso, sawa, lakini afundishwe pia kwamba kilomita chache kutoka Limuru kuna kijiji kilicholea Gichugu mlaini, na jirani yake Wadu wa rangi nene. Mpeni kazi ya kubandika picha kwa pakiti za unga. Haihitaji bajeti yoyote, na atajua mwenyewe kwa nini karatasi ya kuchana haifanani na ya kukata.

Kwa kaunti ya Kiambu, ambayo wachoraji wake wametajwa katika barua hii kuliko wa kaunti nyingine yoyote: chumba kimoja chenye paa lisilovuja na mlinzi, na picha ishirini za watu wenu. Nitakata fremu bila malipo.

Na kwenu, Mhariri: tengeni nafasi kila juma, hata robo ya ukurasa, kwa picha moja ya mchoraji mmoja wa Afrika Mashariki. Ichapisheni kwa rangi, maana Katarikawe akichapwa kwa nyeusi na nyeupe hakuna kinachobaki. Chini yake andikeni jina la mchoraji, mwaka, ukubwa wa picha kwa sentimita, imetengenezwa kwa nini na juu ya nini, na iko wapi sasa ili anayetaka kuiona ajue pa kwenda. Halafu mwandishi wenu asimame mbele ya picha hiyo kwa nusu saa na atuandikie anachokiona. Bei aiache, au aiweke mwisho. Nikiulizwa aanze na nani, nitasema aanze na Rosemary Karuga, na asogee karibu hadi aone herufi za sabuni.

Wenu msomaji wa miaka mingi,
Fundi wa fremu,
Kawangware, Nairobi